Fungu la Mtasema

Jumatatu, 7 Juni 2004

Mtasema amekufa. Gari la watalii, jana jioni, hapo kwenye lami. Tangu hii lami ikamilike madereva wamekuwa vichaa — hata breki hakushika! Isaya amembeba kwenye kiroba, akamzika nyuma ya miti ya migrevilea, akarudi na udongo magotini. Mimi nimelia. Sikutegemea. Mbwa mwenyewe alikuwa mwizi wa mayai.

Halafu huyo huyo mume wangu akaja na hiyo akili yake. Eti Aama asiambiwe!

Aama ni mama mkwe wangu. Huku kila mtu anamwita hivyo, ndiyo bibi kwa Kiiraqw. Macho yake yalishakwenda kwa vikope hata kabla sijaolewa hapa. Baba mkwe alipokufa aligeukia ukutani, akagoma kula, tukadhani tunazika wawili. Aliyemrudisha kwenye sahani ni mbwa. Marehemu ndiye alimpa jina la Mtasema, kuwakomoa majirani wa mpakani. Basi mbwa akawa haondoki mlangoni kwa Aama, na Aama akajiwekea sheria yake: mbwa kwanza, yeye baadaye. Kila jioni anatia mkono kwenye ugali, anakata fungu la mbwa, mimi napeleka. "Ameshakula?" Nikisema ndiyo, anakula. Nikisema bado, hali.

Kwa hiyo Isaya anasema: akijua, tumempoteza. Pika kama kawaida, Mama Angel. Weka bakuli nyuma ya banda la mbuzi. Tutamwambia watu wa mifugo wameamuru mbwa wote wafungwe kwa sababu ya kichaa.

Kumdanganya mtu mzima, tena kipofu! Nimemwambia mimi Mchaga wa Rombo, kwetu hatukufundishwa hayo. Ameniangalia tu na macho yake mekundu.

Nimepika.

Jumatano, 9 Juni

Amekula. Mungu anisamehe, amekula vizuri kuliko mimi. "Ameshakula?" — "Ameshakula, mama." Uongo unanitoka laini kabisa, hata sijikwai.

Asubuhi bakuli limelambwa, linang'aa. Isaya bwana! Angalau anaamka kumwaga kile chakula kabla ya kwenda gereji. Sikutegemea kwamba atakumbuka. Ukungu mzito, kutoka jikoni hata banda silioni.

Jumamosi, 12 Juni

Dona la kununua, mavuno bado, na mimi nalisha kaburi! Jana nimechoka na huo upuuzi. Fungu alilokata Aama nikalirudisha nusu kwenye sufuria, tukala sisi. Nani atajua?

Leo nampelekea uji, ananiambia, "Antonia, jana ulimpunja."

Nikasema hapana, mama.

"Ulimpunja. Alikuja dirishani kunishtaki. Amehema pale mpaka nikasinzia."

Nimecheka. Nimecheka kwa nguvu mno, mpaka akaniuliza mwanangu, kuna nini.

Jumapili, 13 Juni

Tukitoka misani nikamtania Isaya. Nikamwambia asante kwa kumwaga chakula cha mbwa kila asubuhi, nitakuandikia barua ya sifa uajiriwe hotelini.

Akasimama katikati ya njia. "Kumwaga nini? Si unamwaga wewe?"

Tukaharakisha mpaka nyumbani. Tulipofika tukaenda wote wawili nyuma ya banda, tumeshikana mikono kama wachumba. Bakuli limelambwa jeupe. Hata punje.

Jumatatu, 14 Juni

Tumesema kunguru. Tukasema mbweha. Mwisho tukakubaliana ni mbwa wa Sabina, tukafurahi kabisa, Isaya akanywa chai vikombe viwili.

Mchana nikashuka kwa Sabina. Ndiye jirani pekee anayejua Mtasema amekufa. Aisee, bora nisingekwenda. Mbwa zake, anasema, hazitoki nje tangu wiki jana. Zinalala chini ya kitanda. Ukizitoa kwa fimbo zinakojoa hapo hapo mlangoni na kurudi ndani.

"Mama Angel, acheni hiyo mambo," ananiambia. "Mnaweka chakula kwa jina ya mtu amekufa."

Nikamjibu mbwa siyo mtu.

"Kwa huyo mama ni mtu."

Nimepandisha kilima naongea peke yangu. Jioni nimeweka bakuli huku nimefumba macho, na mkono nikauvuta haraka.

Jumatano, 16 Juni

Jana niligoma. Hakuna bakuli, hakuna fungu. Aama alipokata nikalipeleka kwa mbuzi. Nikamwambia ameshakula.

Akanyoosha shingo, akasikiliza. "Hajala," akasema, na kusukuma sahani.

Leo uji hakutaka. Mchana hakutaka. Amegeukia ukutani — ukuta ule ule! Nimemwita mama, mama, anaitika kwa adabu zote ila hageuki. Isaya amesimama mlangoni kwake anafinyanga kofia. Sijawahi kumwona mwanaume mkubwa vile akawa mdogo vile.

Halafu kuna hili. Bakuli nililiacha tupu nyuma ya banda. Asubuhi nafungua mlango wa jikoni, liko kizingitini. Halijapinduka. Limekaa sawa. Isaya anasema mnyama ameliburuta. Nikamwuliza ni mnyama gani anaburuta bakuli bila kumwaga umande uliomo ndani? Amekwenda kazini bila chai.

Jioni nimepika, fungu zima, na mchuzi juu. Nimeweka, nimekimbia. Nikamwambia Aama ameshakula, bila kujua kama ni uongo au ni kweli. Akasikiliza. Akageuka kutoka ukutani. Akala! Nimemwangalia anavyotafuna, nikasema moyoni basi, kiwe chochote kile, kishibe tu ili huyu ale.

Sikufikiri. Nilifurahi tu.

Ijumaa, 18 Juni

Nilikwenda bombani. Foleni, maneno, ukungu umeshuka mapema. Narudi na ndoo kichwani, namwona Aama amekaa kizingitini, mikono mapajani, anatabasamu. Mlango wazi.

"Amekonda, Antonia. Nimempapasa mbavu, zote ziko nje. Ongeza."

Ndoo sikuitua, niliiangusha. Nimemwuliza umempapasa nani, mama? Akashangaa kweli, kama namwuliza yeye ni nani. "Mbwa, mwanangu."

Nikamwingiza ndani, nikamnawisha kwa sabuni ya unga, tena na tena. Viganja vinanuka. Mbwa nimefuga tangu utoto, najua mbwa anavyonuka. Hii ni harufu ya majani yaliyooza, na chini yake nyama. Kwenye khanga yake nywele — ndefu, ngumu, za kahawia iliyoungua. Mtasema alikuwa wa njano, manyoya mafupi.

Nimezitia kwenye moto wa jiko. Isaya hakutaka hata kuziona.

Jumapili, 20 Juni

Isaya amemleta Metui, askari wa wanyamapori, kijana wa Kimasai kutoka Piyaya. Mpole, anavaa koti la kazi juu ya shuka. Amezunguka nyumba mchana kweupe. Amefika chini ya dirisha la Aama, akachuchumaa, akakaa hapo muda. Majani yamelala yote, mviringo mkubwa, mbuzi wawili wangeenea. Udongo umelainika.

"Hapa panalala kitu," akasema. "Nani yuko ndani ya hii chumba?"

Tukamwambia.

Nikamwuliza ni fisi? Akasema fisi, labda. Lakini alisema anaangalia msitu wa hifadhi ulio juu yetu, haniangalii mimi, na nyayo nyingine alizifuta kwa kandambili kabla sijasogea. Atarudi Jumatano na wenzake na bunduki. Mpaka siku hiyo mtu asitoke giza likiingia. Nikamwuliza, na chakula? Akafikiri. Akasema mshibisheni.

Isaya akasema eeh, kweli, akishiba hana shida na mtu. Mimi nikawaka! Kumshibisha! Mpaka aone hapa ndipo kwao? Ukimzoesha kibaba atataka debe! Isaya akasema na ukimnyima je, si tuliona bakuli lilipofika? Tumegombana mbele ya mgeni kama watu wasio na malezi. Metui wa watu akaaga.

Jioni ndiyo nikaona nilichokuwa sikioni. Sisi tunagombana kidogo au kingi, kumbe anayekata ni Aama. Ametia mkono kwenye ugali akaubeba karibu wote. Amejibakizia tonge la mtoto mchanga. Nikamwambia mama, na wewe? "Mimi nimeshiba. Yeye ndiye ana njaa." Alipokuwa ananawa pete yake ya ndoa ikachomoka yenyewe, ikagonga beseni. Kidole kimebaki mfupa.

Uongo wetu ulikuwa wa kumfanya ale. Sasa yule wa nje ananenepa na Aama wetu anakwisha, na mimi ndiye mhudumu, napeleka sahani.

Nimemwambia Isaya kesho namwambia ukweli. Amelia. Hakunikatalia.

Jumanne, 22 Juni

Jana nilishindwa. Leo nimeweza.

Nimekaa kitandani kwake, nimemshika mikono yote miwili. Nikasema mama, nisamehe. Mtasema hayupo. Gari lilimgonga, Isaya amemzika kwenye migrevilea. Tulikuficha kwa sababu tuliogopa utagoma kula.

Nikangoja kilio. Nikangoja ageukie ukutani.

"Najua," akasema. "Nilisikia breki hazikushikwa. Nikasikia jembe. Unafikiri sijui jembe la mwanangu?"

Akanipapasa uso, anafuta machozi yangu mimi!

"Nililia peke yangu, nikamaliza. Halafu nikasikia bado unapeleka bakuli. Nikasikia linaliwa. Nikasema hawa watoto wana moyo, wameniletea mwingine kimya kimya, hawataki nihesabu msiba. Ndiyo maana sikuwauliza. Mlivyonifanyia wema, niwaaibishe?"

Nikageuka kuangalia dirisha.

"Ni mzuri, huyu mpya," akasema. "Mkubwa sana. Ila hajazoea kuguswa kichwani. Nikifika kwenye taya anaacha kupumua."

Nimemwambia mama, hatukuleta mbwa. Hatukuleta chochote.

Akafikiri. Nikamwona anafikiri vizuri kabisa, ana akili zake timamu, hajachanganyikiwa hata kidogo.

"Basi amekuja mwenyewe," akasema. "Hata Mtasema alikuja mwenyewe."

Jumatano, 23 Juni

Nimekata shauri tangu asubuhi: leo fungu la nje hakuna. Nimepika ugali wa watu watatu. Bakuli lenyewe nimelitupa kwenye shimo la choo.

Kina Metui hawajafika. Mtu wa pikipiki kaleta habari, gari limezimika huku chini. Isaya kachukua toolbox yake, kawafuata, kaniambia funga, narudi sasa hivi. Mpaka saa hizi hajarudi. Kumeanza kuwa giza na ukungu unasukuma dirisha. Nimefunga komeo, nimeegemeza meza, nimewasha taa ya chemli. Naandika nisije nikapiga kelele.

Aama amekaa na sahani mapajani. Hagusi.

"Ameshakula?"

Nikasema hapana, mama, na hatakula.

"Na mimi basi."

Nimembembeleza. Nimemkaripia, Mungu wangu, mama mkwe! Nimepiga magoti. Tangu jana hajala kitu, fungu lote alimkatia yule. Midomo yake imekauka.

Kimekuja. Hakikuchakura, hakikugonga. Mlango umelemewa tu, komeo likalia, kama mtu mnene ameuegemea kupumzika, anahema. Aama kageuza uso upande ule na uso wote ukafunguka. Mbuzi hawalii hata mmoja.

Nimesema nini jamani! Nimesema hivi: mama, kula kwanza wewe. Sahani yote, nikiwa naona. Ukimaliza ndipo nampa na yeye, nafungua mimi mwenyewe. Nilijua atakataa. Sheria yake haijavunjwa tangu baba mkwe afe! Nilikuwa natafuta muda tu, Isaya afike.

Akauliza, "Unaapa?"

Nikaapa. Kwa jina la Angel wangu aliyeko bweni.

Anakula. Anakula kweli! Tonge kwa tonge, mchuzi, mboga, hajala hivi tangu tumzike yule mzee. Rangi imemrudia mashavuni. Nimetega sikio kwenye lami, hakuna gari. Nimemwongezea ugali, naye amekula nyongeza. Nimemwongezea tena, fungu la Isaya. Kwenye sufuria hakuna kitu sasa, naiona chini. Mama, taratibu, utapaliwa. Hana habari na mimi.

Amepangusa sahani kwa kidole. Ananikabidhi.

"Haya mwanangu. Mimi tayari."

Mlangoni kupumua kumekoma. Kinasubiri fungu lake, na mimi nimeapa.