Maji ya Bibi Fatu

Mpendwa mshauri, nakuomba msaada kabla Ijumaa haijafika, mimi ni mwalimu wa darasa la tano hapa Kwedizinga, Handeni, nilikuja mwaka jana watu walipohamia kijiji cha ujamaa, na maji yetu ni ya lambo ambalo ng'ombe nao wanakunywa, basi nikawafundisha wanafunzi kuyachuja na kuyachemsha, wakanisikiliza sana, kumbe mmoja wao, Mwantumu, alifika nyumbani akakataa maji ya bibi yake, Bibi Fatu, ambaye huyafuata tangu alfajiri, akashinda na kiu kutwa nzima, na kesho yake bibi akaja shuleni, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwalimu. Nimelea wanangu kwa maji haya haya," akasema taratibu. "Sasa mjukuu wangu ananitazama kama nimemtilia sumu. Nayaacha mtungini, tope linazama, juu yanang'aa. Humo ndani kumebaki nini nisichokiona?"

Nikasema vijidudu, akauliza nani ameviona, nikakiri kwamba hata mimi sijaviona, naye hakukasirika, akanikaribisha kwake Ijumaa, na mgeni hapa hupewa maji kwanza, je, nikiyanywa wanafunzi wataniaminije, na nikiyakataa nitamtazamaje bibi huyu?

Mwalimu Rosina, Handeni

Mwalimu Rosina,

Pole, ila mengine umejitakia. Umempa mtoto hofu, ukamwachia bibi kazi. Kuni za kuchemshia atafuata nani? Hukuuliza.

Swali la Bibi Fatu ni zuri kuliko jibu lako. Nawe mwulize: maziwa mabichi yakilala, nani huona kilichoyachachusha? Na mbona yakichemshwa huchelewa kuchacha? Hilo analijua. Mwambie vilivyomo majini ni vidogo hivyo hivyo, na moto huviua.

Usingoje Ijumaa. Kesho wapeleke wanafunzi wakamwokotee kuni, na Mwantumu aende lamboni na ndoo yake. Kutuliza maji mtungini ni hatua nzuri, bibi asiiache; yakishatulia yachujwe kwa kitambaa safi, yachemke hasa, yafunikwe. Chemsheni ya kunywa tu, kuni si za kuchezea. Yaliyooshewa mboga yasimwagwe, mwagilieni mchicha.

Ijumaa nenda. Akikupa maji, yapokee kwa mikono miwili, kisha mwombe myabandike jikoni pamoja, mzungumze hadi yapoe. Kikombe cha kwanza mpe yeye, cha pili Mwantumu. Wewe mgeni, subiri cha tatu.