Jioni ya Fainali, Othaya

Basi Wanjiru, lile swali lako, kama huyo mwalimu anayekuposa huko Timau anakupenda kweli, nimelifikiria hadi nimechoka. Huku nyumbani wote ni wazima. Mama yako anakusalimu.

Mimi na babu yako tulikuwa na miezi miwili tu ya ndoa. Kila jioni alinisomea riwaya ya mabaharia waliokwama kwenye barafu, nami nikimtazama tu. Jamani, ile sauti! Siku ya fainali ya Kombe la Dunia nilirudi kutoka kuchuma chai nikiwa hoi, nikamwomba anisomee sura moja. Yeye aliyependa mpira kuliko chakula akawapa majirani redio yetu.

“Mwende nayo. Mtaniambia nani ameshinda.”

“Ati unaacha fainali? Umeshikwa na bibi, wewe!” wakamcheka.

Nikalala alipofika ukurasa wa pili. Nilipoamka, majirani walikuwa wakishangilia ng'ambo ya bonde, naye ameketi palepale, kidole chake kikiwa kwenye mstari niliousikia mwisho.

“Hukuendelea?”

“Ningeendeleaje bila wewe?”

Sijui kupendwa kwingine, mjukuu wangu. Magoti yananiuma, lakini kabla ya mwezi kuisha nitakuja Timau, nimwone huyo mwalimu.

Cucu wako