Nataka jangwa lisilo na matuta, lakini sithubutu kusema sababu

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu za mtu mzima wa miaka hamsini na sita ambaye hajawahi kumwandikia mtu barua ya namna hii, maana ukurasa wako huwa nausoma kazini kwa kuibia, nikijifanya natafuta matangazo, na wanaokuandikia nimewacheka miaka nenda rudi, leo zamu yangu imefika na kicheko kimenikauka.

Nataka unisaidie kuchagua jangwa. Usiitupe barua, nitaeleza.

Mimi ni fundi saa, nina kibanda cha kioo chini ya ngazi za jengo la maofisi, na mwaka mzima kazi yangu inaishia kwenye kisinia kidogo cha skrubu ambazo ukipiga chafya umezipoteza, kwa hiyo wiki moja kila mwaka mimi na wenzangu hutoka kwa magari matatu kwenda jangwani, kokote ambako hakuna lami, tunapunguza upepo wa matairi na kuingia mchangani, na kwangu mimi wiki hiyo ndiyo inayonifanya nivumilie zile nyingine hamsini na moja. Desturi yetu ni moja tu na hatujawahi kuivunja. Anayeendesha gari la mbele ndiye anayechagua jangwa na ndiye anayechagua njia, na wengine hawabishi mpaka turudi nyumbani. Kwa miaka kumi na moja gari la mbele ni langu.

Sasa sikiliza. Kama miaka miwili hivi iliyopita niligundua kwamba nasoma bila miwani, skrubu naziona, maandishi madogo nyuma ya saa nayasoma, nikaiweka miwani kwenye droo na kumwambia kila aliyesimama kibandani kwamba macho yangu yamerudi ujana, hata mke wangu akachoka kuisikia hadithi hiyo. Lakini mbali, mshauri, mbali kulianza kufifia. Jua likiwa kali naona weupe tu, mchanga na mbingu vinaingiliana, taa za magari yanayokuja zinatawanyika, na mimi nikaamua kosa ni la kioo cha gari. Nikampelekea shemeji, yaani kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi magari na gereji yake ndiko tunakokutania, nikamwambia kioo hiki kimechoka, akanibadilishia. Baada ya miezi miwili nikamwambia na hiki kipya hakifai, akakitazama, akanitazama mimi, akanibadilishia tena.

Mwaka jana tulikwenda jangwa la matuta. Saa sita mchana, jua la utosi, hakuna kivuli hata cha jiwe, nilipanda tuta refu nikiamini kilele bado kiko mbele, kumbe nilikuwa nimeshakifikia, na upande wa pili ulikuwa mteremko kama ukuta. Gari lilitoa pua hewani likaanguka, likaserereka, likalala ubavu. Mimi nilichubuka kiwiko. Mwenzangu niliyempakia, fundi cherehani, alivunjika mfupa wa mtulinga, na mpaka leo mkono wa kulia hauinui zaidi ya bega. Wenzetu wakaja mbio, wakatutoa, wakauliza kumetokea nini, na mimi nikasema, "Breki hazikushika."

Sikupanga kusema hivyo. Nakuapia lilitoka lenyewe, na likishatoka sikulikimbilia kulirudisha.

Breki zile shemeji alizifunga wiki moja kabla ya safari. Hakubisha. Gari lilipovutwa mpaka kwake alizifungua zote nne, akazipanga sakafuni juu ya gunia, akazikagua, akazifunga, akazifungua tena, mara tatu, hakupata kitu, halafu akafuta mikono akasema mbele ya kila mtu kwamba labda alikosea yeye. Nikajitia hamnazo. Tangu siku hiyo amebadilika. Akifunga gurudumu analifungua tena, wateja wanasubiri mpaka wanachoka, wengine wamehama, na yeye mwenyewe amewaambia wenzetu kwamba magari ya safari hayagusi tena. Sasa hivi anaziba matairi tu, mtu aliyekuwa anasikiliza injini kutoka barabarani akakwambia inaumwa wapi.

Jumapili iliyopita tulikutana kwake kama kawaida, ramani tumeitandika juu ya boneti na spana kwenye pembe zake. Yeye hakuja kwenye ramani, alikaa nyuma kabisa na beseni lake la maji akitafuta matundu ya mpira. Mimi nikasema mwaka huu twende jangwa la changarawe, ardhi ngumu, tambarare, hakuna matuta. Wakashangaa, maana mimi ndiye niliyekuwa nikisema changarawe ni ya watalii. Nikawaambia kisima cha jangwa la matuta kimeharibika pampu, hatutapata maji. Uongo. Mwalimu mmoja mstaafu tunayemwita Ramani akatoa simu palepale, akampigia mlinzi wa kisima, na mlinzi akasema pampu ni nzima na maji yapo. Wote wakanigeukia. Binti yangu, ambaye ni muuguzi na mwaka huu amepata likizo yake ya kwanza, na ambaye nimemwahidi matuta tangu hajaota meno ya mbele, akacheka akasema baba anatutania, yeye atakaa na mimi gari la mbele na atafuata lolote nitakalochagua.

Nikasema nitatoa jibu Jumapili ijayo. Wakati naondoka shemeji alinifuata mpaka kwenye gari, mikono inadondosha maji, akaniinamia dirishani.

"Shemeji," akaniambia, "kama mtoto anakwenda, breki mpe fundi mwingine. Mimi sijiamini tena."

Mshauri, maji yamenifika shingoni. Nikisema ukweli, gari la mbele limekwenda, heshima imekwenda, mke wangu sijui atanitazamaje, na yule fundi cherehani nitamwambia nini? Nisiposema, nitampandisha binti yangu tuta ambalo silioni. Kwa hiyo naomba unipe sababu nzuri, inayosikika, ya kuchagua jangwa la changarawe. Au kama unaona changarawe itawatia shaka, kuna jangwa jingine la chumvi, tambarare kabisa, hakuna hata kichuguu. Nichague lipi, na niwaambie nini?

Ni mimi, dereva wa gari la mbele.

JIBU LA MSHAURI

Dereva, pole. Nakupa pole kwanza kwa sababu nitakugombeza, na sitaki udhani sikuisikia hofu yako. Nimeisikia. Mtu kuanza kupoteza macho na kujua anapoteza, huku kila mwaka watu wanapanga magari nyuma yake, ni mzigo, na umeubeba peke yako miaka miwili.

Na wala sikucheki kwa vile vioo viwili. Mimi sikio langu la kulia lilipoanza kuziba niliwagombeza watu wa kampuni ya simu miezi mitatu. Nilibadilisha simu. Binti wa jirani ndiye aliyeniambia, "Bibi, mbona ukiweka upande ule mwingine unasikia?" Nilimkasirikia wiki nzima. Kwa hiyo tunafahamiana, mimi na wewe.

Sasa tuje kwenye majangwa yako. Changarawe unaiona rafiki kwa sababu haina matuta. Haina makorongo? Haina mawe ya ukubwa wa kiti? Na chumvi, bwana wewe, chumvi! Mtu anayeniandikia kwamba jua likiwaka anaona weupe tu anataka kwenda kuendesha gari mahali ambapo kila kitu ni cheupe mpaka upeo wa macho. Umelisoma hilo ulipoliandika? Hakuna jangwa ambalo jua halifiki. Sababu nzuri inayosikika sitakupa, kwa kuwa wewe mwenyewe umeshajaribu moja, na simu moja tu ikaiangusha mbele ya mwanao.

Tena sikiliza, jangwani mnakwenda wiki moja. Hizo nyingine hamsini na moja unaendesha wapi? Barabarani, palipo na watoto wa shule na akina mama wenye mizigo. Ufunguo wa gari ukabidhi kwa mkeo leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, na sababu utamweleza jioni. Kibandani kwako utafika kwa miguu au kwa basi kama sisi wengine.

Nimempigia daktari wa macho, sikumtajia mtu. Nilipofika kwenye habari ya miwani iliyotupwa kwenye droo, alinikatiza. Akasema mtu wa umri wako akianza ghafla kusoma bila miwani huku mbali kunafifia, asishangilie, aje apimwe upesi, maana inaweza kuwa mtoto wa jicho, na inaweza kuwa kitu kingine, na asiyepima hawezi kusema. Mtoto wa jicho, akaniambia, hutolewa, na wengi huona vizuri tena. Mimi si daktari, wala wewe si daktari. Ahadi ya kupimwa iwekwe kesho, na binti yako akupeleke. Ni muuguzi, na amini usiamini, ataumia zaidi kujua kwamba baba yake alimficha kuliko kuyakosa matuta.

Hata hivyo barua yako, dereva, imeanza jangwani ikaishia gereji. Umenieleza matuta kwa mistari michache, lakini yule mtu umenieleza mpaka beseni lake. Unajua mwenyewe kinachokuuma. Mwenzako anafungua gurudumu alilolifunga sasa hivi, analifunga, analifungua tena, anatafuta kosa ambalo halipo. Fundi akishaacha kuiamini mikono yake amebakiwa na nini? Wewe ni fundi pia. Ungeambiwa saa uliyoitengeneza wewe imemvunja mtu mfupa, ungeishika tena bisibisi?

Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lile neno la kwanza, pale mchangani, lilikutoka kwa woga, na woga namsamehe mtu yeyote. Lakini ulisimama ukamwona anazipanga breki juu ya gunia mara tatu, na mara zote tatu ulinyamaza. Hapo hukuwa umeanguka na gari. Ulikuwa umesimama imara, na mdomo unao.

Basi fanya hivi. Nenda kwa shemeji leo, kabla ya mkeo, kabla ya binti yako na kabla ya wenzako wote, yeye awe wa kwanza kusikia. Nenda peke yako, gereji ikiwa haina mteja. Usianze na macho, usianze na daktari, usianze na jinsi ulivyoteseka, maana ukianza hapo atakuonea huruma wewe na kusahau kujihurumia mwenyewe. Anza na breki zake. Mwambie, "Zilishika. Mimi ndiye sikuona." Usiongeze labda, wala nadhani.

Halafu fundi cherehani, siku hiyohiyo, umfuate kwake. Ana haki ya kukukasirikia na asikupe chai. Mkeo na binti yako jioni. Na Jumapili, ramani ikitandikwa, uyarudie maneno yaleyale mbele ya wote na shemeji akiwepo, kwa sababu jina lake liliharibiwa mbele ya watu, halitengenezwi pembeni. Mwalimu wenu naye umwambie kwamba habari ya pampu uliitunga.

Umeniuliza jangwa lipi. Nimekusoma vizuri, na desturi yenu naipenda: anayeendesha gari la mbele ndiye anayechagua. Basi swali si lako tena. Siku mtakayopata dereva mwingine wa mbele, muulizeni yeye. Kama ni shemeji na akakubali, binti yako atayaona matuta akiwa na mtu anayeyaona pia, na wewe utakaa gari la mwisho, kiti cha abiria, umeshika redio ya mawasiliano. Asipokubali mtu, mwaka huu bakini nyumbani. Jangwa halihami.

Najua unachoogopa, kwamba bila gari la mbele wewe ni mzee wa chini ya ngazi na kisinia chake. Labda siku mbili tatu utajisikia hivyo. Wanaokupenda hawakuwa wanakufuata kwa sababu ya gari.

Na jambo la mwisho. Ukishamwambia shemeji, usimwombe msamaha wa papo hapo, wala usimshike bega. Anaweza kunyamaza. Anaweza kukurushia spana, na spana ni haki yake. Akikwambia utoke, toka, ukae nje ya geti, na akikufukuza hata pale getini, nenda nyumbani, kisha asubuhi urudi, kwa miguu.