Matundu Sita Chini ya Nyumba ya Mama

Kisiwani, Jumapili, tarehe 9 Juni

Dada yangu mpendwa Ragnfrid,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Halvard na binti yetu Ingeleiv, na kwamba goti la shemeji limepata nafuu tangu theluji iyeyuke huko kwenu. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri watu wanaoishi ndani ya mvua wanavyoweza kuwa hawajambo. Mama anakusalimu sana. Anauliza kama umeshavua soksi za sufu, maana anasema wewe ulizaliwa na miguu ya barafu.

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu, mtu ambaye hata kadi ya Krismasi humwachia mama aiandike. Lakini kwenye simu ungeniuliza maswali, nami ningejibu nusunusu kama kawaida yangu. Tafadhali isome yote kwanza, halafu ukasirike kwa nafasi yako.

Nianze na Pasaka, kwa sababu ndipo mambo yalipoharibika. Unakumbuka ulivuta lile kabati la droo chumbani kwa mama ukitafuta hereni ya Ingeleiv, ukakuta ukuta umejaa kuvu jeusi kutoka sakafuni hadi usawa wa goti. Ulimwambia, "Mama, uchafu huu si wa wiki moja." Mama akasema bahari inafanya ipendavyo. Ukamjibu kwamba huko kwenu Røros mna miezi saba ya baridi na hujawahi kuona ukuta wa namna hiyo hata kwenye zizi. Usiku ule mlikwenda kulala kwa jirani yetu Gudlaug. Asubuhi mama alichemsha kahawa ya watu wanne, akaimwaga yote isipokuwa vikombe viwili.

Sikulaumu. Umekaa bara miaka ishirini na miwili, na usafi wa huko umekuingia damuni. Nami nilikaa karibu yenu majira manane ya baridi pale kwenye kiwanda cha mbao, kwa hiyo naujua. Mnalaza zulia kifudifudi juu ya theluji kavu, mnalipiga, mnaliinua, na uchafu wote unabaki juu ya weupe mwone wenyewe. Huku ukitoa zulia nje unalirudisha likiwa zito kama kondoo aliyekufa maji. Uchafu wenu ni mkavu, mkiufukuza unakwenda. Wetu una maji ndani yake, nao hurudi ukigeuka tu. Chumvi ya madirishani mama anaifuta kila Jumatatu, na ukuta wa magharibi tunausugua kila Mei kwa sabuni ya kijani kabla haujaota utando kama jiwe la mtoni. Nguo zinakauka kwa siku mbili kando ya jiko, na mvuke wake tunaulala nao.

Vita hiyo mama aliipigana kwa miaka hamsini bila kushindwa. Unajua watu walivyokuwa wakisema, kwamba kwa Borghild unaweza kula juu ya ngazi za ghala. Ndiyo maana neno lako lilimchoma.

Yaliyofuata unayajua. Aprili muuguzi anayetembelea wazee alikuja kwa ajili ya kikohozi cha mama, akauona ukuta, akaandika kile alichokiona: mama hamudu tena usafi wa nyumba yake. Mimi na wewe tukazungumza, tukatia saini, na halmashauri imempa chumba katika nyumba ya wazee kule ng'ambo ya maji kuanzia tarehe mosi Julai. Nilikwenda kukitazama. Ni kizuri, kina joto, na dirisha lake halifunguki zaidi ya upana wa kiganja. Tunatakiwa kuthibitisha kabla ya Ijumaa hii. Nilipomwambia mama, alisema tukishaamua sisi, yeye ana maneno gani.

Wiki nne zilizopita Gudlaug alinisimamisha dukani mbele ya watu. Mdomo wake unaujua. Alisema, "Torgeir, kama mama yako ni mchafu, basi mimi naishi na nguruwe." Watu wakacheka. Kisha akapunguza sauti akaniuliza siku hizi ni nani anayeyaangalia matundu ya baba yetu, marehemu Sjur. Nililipa maziwa, nikaondoka bila kuchukua chenji wala maziwa yenyewe.

Sasa, dada, nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Unayakumbuka yale matundu sita ya baba, kwenye mawe ya msingi, yenye vyuma vya kuzuia panya. Kila kiangazi alipiga magoti akang'oa nyasi zilizoyaziba, na sisi tulimcheka tukisema baba anaisugua nyumba meno. Alikuwa akituambia nyumba ya huku lazima ivute pumzi kwa chini. Niliporudi baada ya mazishi yake, miaka minne sasa, mama alilalamika siku moja kwamba miguu inamganda jikoni. Nikakumbuka jinsi shemeji Halvard anavyoziba msingi wake kwa magunia kila Oktoba. Nikajiona mjuzi niliyetoka bara. Niliyaziba matundu yote sita kwa mbao na povu la kopo, lile linalovimba na kuwa gumu, nikapaka rangi ya kijivu juu yake hata usijue palikuwa na kitu. Shemeji huyafungua yake kila Mei. Mimi sikuyafungua, kwa sababu Mei ilikuja na mvua ileile ya Oktoba, na miguu ya mama ilikuwa na joto, nami nilikuwa naringa.

Kuvu lilianza mwaka uliofuata. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku ile ya Pasaka ulipokuwa ukimsema mama, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe mkononi, na nilijua. Sikuwa nabahatisha. Nilijua ule unyevu unatoka wapi na nani aliyeufungia ndani. Nikanyamaza, kwa sababu tangu utotoni umekuwa ukisema kwamba kazi zangu huishia njiani, na sikutaka uwe umesema kweli. Nikamwacha mama aitwe mchafu nyumbani kwake mwenyewe. Kisha nikatia saini.

Jumamosi baada ya maneno ya Gudlaug nilichukua mtaimbo nikaanza kubomoa. Mama akatoka na koti la mvua la baba, akasimama akinitazama. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimepiga magoti kwenye matope. Hakushtuka hata kidogo.

"Nilijua tangu mwaka wa kwanza," akasema. "Mimi si nimekaa na baba yako miaka arobaini na tisa?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ulirudi huku huna raha na kitu chochote, mwanangu. Ile kazi uliifanya ukipiga mluzi. Nikasema moyoni, kufuta ukuta ni kazi ndogo."

Dada, kwa miaka mitatu mama yetu aliamka kila siku saa kumi na mbili asubuhi kabla yangu, akasukuma lile kabati peke yake, akafuta ukuta kwa siki, akalirudisha, ndipo akaweka kahawa jikoni. Januari hii bega lilikataa. Ule weusi uliouona haukuwa wa miaka. Ulikuwa wa miezi mitatu tu, baada ya bega.

Tangu siku ile upepo unapita chini ya sakafu. Mama anachora mstari kwa penseli pale unyevu unapoishia, na umeshashuka vidole vinne. Kikohozi hakijaisha ila sasa analala. Miguu yake inaganda, nami nimemnunulia viatu vya ngozi ya kondoo, jambo ambalo ningeweza kulifanya miaka minne iliyopita.

Kesho nitapiga simu halmashauri kuondoa saini yangu, na kumwomba muuguzi aje autazame ukuta upya. Saini yako ni yako. Ukiona bado inafaa aende, na aende kwa ajili ya umri wake na bega lake, tukamwambie hivyo usoni. Asiende kwa kosa langu.

Jana nilivuta sanduku lake chini ya kitanda nipate kupima mbao zilizooza. Lilikuwa limeshafungwa tayari kwa safari. Nililifungua. Juu ya nguo zake za kanisani aliweka chupa ya siki na matambara sita mapya, yamekunjwa vizuri. Nilipomuuliza, alisema hajui kuta za huko zikoje. Nilitoka nje nikalia, dada, na sioni aibu kukuandikia hilo.

Nisalimie shemeji, na umwambie magunia yake hayana kosa. Mbusu Ingeleiv; hereni yake tumeipata chini ya ubao uliooza. Mama anasema ukija, uje na viatu vya mpira, na safari hii mlale hapahapa.

Mdogo wako, aliyekuacha umlaumu asiyestahili,

Torgeir