Pedi ya Gervas

S.L.P. 1147,
Mwembesongo,
Morogoro.
18 Machi 2001

Mpendwa mdogo wangu Fidelis,

Marahaba. Najua ungeniamkia, basi nimeitikia kabisa. Habari za Birmingham na baridi ya huko? Kifua kimepona? Sisi hatujambo kidogo. Mimi miguu inanisumbua tangu msiba, na usingizi sipati, lakini namshukuru Mungu.

Matanga ya ndugu yetu Gervas tuliyamaliza Jumamosi ya juma lililopita huko Kinole. Nataka yaliyotokea uyasikie kwangu, maana na mimi nina kosa.

Wazee waligawa vitu vyake. Ile Pleisteshen ya gemu uliyomletea hawakuiona kuwa kitu kimoja. Wao waliona vitu vingi vyenye nyaya, wakavigawa kama viti. Mashine ikaenda kwa Mjomba Pazi. Ameiweka mezani na kuifunika kitambaa cha kudarizi, na umeme hana. Sidii alipewa Mama Mdogo Scholastika, amezitundika shambani kufukuza ndege wasile mpunga. Mimi nikapewa pedi moja, ile ya kushika mkononi na kubonyeza mtu anapocheza, na ya pili ikawekwa kuwa fungu lako.

Angelina, binti wa marehemu, amepata sweta la baba yake basi. Si unajua sisi ukoo unafuata mama, kwa hiyo yeye ni wa kina mama yake. Mimi nilijua kabisa kwamba vitu vile vikitenganishwa havina kazi tena. Nikanyamaza, Fidelis. Niliona aibu kubishana na wazee juu ya gemu siku kama ile. Sasa najilaumu kila ninapomwona mtoto.

Unakumbuka ile mashine ya kwanza, ya kaseti, mlivyokuwa mkiipuliza vumbi mpaka mashavu yanawauma? Ilipokuja hii ya sidii, Gervas alisema hakuna kitakachoishinda. Halafu mwaka jana akasoma gazetini kwamba Wajapani wametoa mpya zaidi, na kwamba iko siku watu watacheza kwa waya wa simu, kila mtu akiwa kwake. Alinisumbua na habari hiyo mpaka nikachoka. Wewe ukae Birmingham, yeye Mwembesongo, akufunge mabao matano kama zamani. Ile pedi ya pili akaitengeneza, akaifunga kwenye mfuko wa rambo, asiiguse mtu mpaka siku hiyo. Yeye na Angelina wakawa wanatumia moja, zamu kwa zamu, kila jioni akitoka kazini.

Mwandikie Mjomba, tafadhali. Kwa mama yetu umebaki mwanamume peke yako, neno lako atalisikia. Mwambie virudi vyote kwa mtoto. Mjomba na Mama Mdogo hawana ubaya, hawakujua tu, na wote wanakusalimu sana. Nisalimie mkeo Rose.

Pedi yangu nimeshampa Angelina. Ile yako amekataa hata kuifungua, anasema ni ya baba mdogo. Jana nimemkuta amekaa mbele ya televisheni iliyozimwa, mikono mapajani, pedi ameiweka upande wa pili wa mkeka, pale alipokuwa anakaa baba yake. Nikamwuliza mbona hachezi. Akaniambia, "Shangazi, hii ni zamu ya baba."

Mungu akutunze huko, akurudishe tungali hai.

Dada yako anayekupenda na kukulilia,
Yuliana