Picha ya Mwalimu Amelala

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na shemeji, bado anaficha sigara kwenye kiatu? Sisi huku ni wazima wa mwili, na ukiona nimeshika kalamu ujue kuna jambo, maana mimi na kalamu hatujasalimiana tangu darasa la saba.

Anayekukabidhi barua hii ni mwanangu, Mwalimu wetu. Mtazame vizuri, Dada. Katika ukoo mzima ndiye pekee aliyefika chuo, na mkuu wa shule alinishika mkono akasema darasa la kwanza halijawahi kupata mwalimu kama yeye. Mbele za watu alisema.

Unakumbuka ile video akiimba na kuruka na watoto, mzazi mmoja akairusha mtandaoni. Watu wasiomjua wakaucheka mwili wake. Mmoja aliuliza kama sakafu ya shule ilipona. Ikawa akiamka anasoma maneno yao kabla hajanawa uso, na chakula akaacha. Mshauri wa zahanati akamwambia aachane na mitandao miezi mitatu, akili ipumzike. Akatii, ni mtoto msikivu, kanifuata mimi. Simu kubwa akaifungia kabatini, ufunguo akanipa, akanunua ya vitufe.

Wiki ya tatu akaanza kula. Jumamosi moja rafiki yake, mwalimu wa hesabu, alikuja wakacheka hapa sebuleni mpaka nikawaambia wanihurumie masikio. Mgeni hajaondoka bado, mwanangu akapitiwa kwenye kochi, mdomo wazi, daftari la mwanafunzi kifuani. Usingizi wa kweli, Dada, wa kukoroma.

Jumatatu alirudi kutoka kazini ameduwaa. Alisema alipoingia darasani aliwakuta watoto wote wameegemeza vichwa nyuma, midomo wazi, madaftari vifuani, hata yule mpole wa karibu na dirisha. Alidhani ni mchezo, akacheka nao. Baadaye karani wa shule akamwonyesha simu. Ni yeye kwenye kochi letu, na juu yake mtu ameandika kiboko ameshiba.

Akapiga hesabu zake: aliyekuwepo siku ile ni rafiki yake. Hakumuuliza. Alimrudishia vitabu vyake kwa mkono wa mtu mwingine, basi. Yule msichana, rafiki yake, amekuja hapa mara mbili, amesimama mlangoni analia kwamba hajui amekosa nini. Mimi ndiye niliyemfungulia. Nilimwambia Mwalimu amepumzika.

Dada, picha niliipiga mimi. Nilifurahi mno kumwona amelala. Nikaiweka kwenye ukurasa wangu, nikaandika kwamba Mwalimu wangu ameacha mitandao ili apumzishe akili, mumuombee. Kabla ya jioni watu mia tatu walikuwa wameipenda, na mimi najibu mmoja mmoja, asante, asante, huku sufuria inaungua. Nimeifuta, lakini wengine walikuwa wameshaichukua. Kila nikitaka kumwambia, ananiita Mama kwa ile sauti ya utotoni, anasema angalau nyumbani yupo mtu mmoja wa kumwamini. Mdomo wangu unajifunga. Mimi, Dada, ambaye sijawahi kukosa la kusema.

Amechukua likizo akae kwako, na anasema huenda asirudi darasani. Ukimaliza kusoma, mpe naye asome. Usinipambe. Mwambie kwamba rafiki yake hana kosa, na kwamba mama yake alimwona akilala akashindwa kuifaidi furaha ile peke yake.

Aliponiona naandika aliuliza ni habari gani ndefu hivyo. Nikamwambia namsifia kwa mama yake mkubwa. Akatabasamu kidogo, akasema Mama, wewe huchoki. Bahasha ameibandika gundi yeye mwenyewe, na hakuchungulia hata mstari mmoja. Ndivyo nilivyomlea.

Wape watoto salamu zangu, na goti ulikande na maji ya moto.

Mdogo wako, ambaye mtaani bado wanamwita
Mama Mwalimu