Rupia Alizochezea Kalunde

Mjukuu wangu Mwende,

Hujambo huko Doha? Sisi hapa Kathonzweni tunapumua tu. Mvua imetupita tena, na nyanya yako haoni vizuri.

Umeuliza kwa nini siwauzii wakusanyaji wa sarafu za kale zile rupia za wakati wa mkoloni. Baba yangu alirudi nazo kutoka vita vya Burma. Njaa ilipobana, mama alizipeleka dukani.

"Mama, hizi ni za India," mwenye duka akamwambia. "Hapa hazinunui unga."

Dadangu mdogo, Kalunde, hakufikia mavuno. Baba alitaka kuzitupa mtoni, mama akakataa, kwa sababu mtoto alizoea kuzichezea.

Siziuzi, Mwende. Aliyemjua Kalunde nimebaki mimi peke yangu, na mimi nimechoka.

Babu yako,
Kioko